Nitapika kwa Mikono Yangu Mwenyewe

Jumapili, 6 Julai

Nimetoka kwa Shemeji. Nimeshiba na nimekasirika, vyote kwa pamoja.

Shemeji ni kaka wa mke wangu. Daktari wa meno. Maisha yake yote watu wamekaa mbele yake wameachama midomo, naye anadhani wanamshangaa. Leo ametuandalia chakula cha jioni. Kuku wa kuoka, viazi, na divai zenye majina marefu kama wasia wa tajiri. Kila chupa aliifungua taratibu kama mkunga. Akanusa kizibo. Akafumba macho. Akatuambia hii ina harufu ya ngozi ya tandiko na matunda ya porini. Nilinusa yangu. Ilikuwa na harufu ya divai. Nilipoomba barafu, alinitazama kama nimeomba kunawia miguu humo.

Yote hayo ningeyameza. Tatizo ni Kinanda.

Kinanda ni rafiki yangu tangu tulipokuwa tunagombania dawati moja. Kazi yake ni kurekebisha sauti za piano: mashuleni, hotelini, kwa mabibi wenye piano zisizopigwa. Sasa, mvi zimemjaa kichwani, anaoa. Anamwoa Muuguzi, mwanamke mpole mwenye macho yasiyopitwa na kitu. Na bado hajasema nani atakuwa msimamizi wa harusi yake. Mimi nilidhani jambo hilo halina mjadala. Kumbe Shemeji naye analitaka! Amemjua Kinanda juzi tu, jino lilipomuuma!

Basi Kinanda akajifuta mdomo na kusema hajala vizuri namna hii tangu mama yake afariki.

Sentensi hiyo ilinichoma hapa, chini ya mbavu. Nikajikuta nimesimama. Nikatangaza kwamba Jumamosi ijayo wote waje kwangu. Nyama ya ng'ombe iliyopikwa kwa divai nyekundu. Si ya kununua, si ya kupikiwa na mke. Nitapika kwa mikono yangu mwenyewe! Na divai nzuri, za kweli!

Mke wangu anafundisha watu kuendesha gari. Alinikanyaga mguu chini ya meza kwa nguvu zote, pale ambapo kwenye gari la mafunzo kuna breki ya mwalimu. Alichelewa. Gari lilishatoka barabarani.

Jumatatu, 7 Julai

Mke wangu ameuliza ninajua kupika nini. Nikamjibu: chai. Akasema chai haipikwi na mimi, huchemka yenyewe nikiwa nimesimama karibu. Amesema katika safari hii yeye atakaa kiti cha abiria, atatazama dirishani.

Sawa. Mwanamume hodari huanza na divai.

Nilipofunga duka langu la miwani nikapitia duka la divai. Muuzaji akauliza nataka ya aina gani. Nyekundu. Akauliza ya zabibu gani. Nikamwambia zote. Akauliza iwe kavu au vipi. Nikamwambia ikiwa kavu nitainywaje? Nikatoka kwa heshima zangu, kichwa juu, nikagonga mlango wa kioo. Mimi! Fundi wa miwani!

Lakini Mungu si Athumani. Nikirudi nikapita nje ya lango la Shemeji, na hapo kando ya pipa la taka kulikuwa na mfuko. Ndani yake chupa tupu za jana. Zote! Na majina yake marefu!

Wazo likaja lenyewe, limevaa na viatu. Chupa ninazo. Kinachokosekana ni cha kutia ndani, na cha kutia ndani kinauzwa kwenye boksi lenye kibomba, karibu na sabuni za kufulia.

Nikazificha ndani ya koti. Kila hatua nilikuwa nalia ngi-ngi-ngi kama mbuzi mwenye kengele. Mke wa Shemeji alikuwa dirishani, akanipungia mkono. Nami nikampungia, kwa adabu, kwa mkono ule ule uliokuwa umeshikilia chupa. Moja ikadondokea kwenye maua. Nadhani hakuona.

Jumatano, 9 Julai

Majaribio ya upishi. Nyumba imejaa moshi lakini ari yangu haijashuka.

Vitunguu nilivikata nikiwa nimevaa miwani ya kuogelea. Hilo lilifaulu. Nyama ilichemka vizuri tu. Mchuzi ndio ulikuwa mwepesi, nikakumbuka kwamba wapishi hutia unga kidogo ili ushikane. Kabatini kulikuwa na kopo la unga mweupe. Nikatia vijiko. Nikatia vingine.

Ilikuwa hamira.

Mwanzo mchuzi ulitulia. Kisha ukaanza kupumua. Ukapanda, ukainua mfuniko, ukatoka na kuteremka jikoni kama mtu aliyechoka kusubiri. Nikaurudisha kwa mwiko. Ukakataa. Mke wangu aliporudi kazini alinikuta nimekalia mfuniko kwa makalio yangu, nimeweka taulo katikati. Aliuliza kama sufuria ina mtu. Kisha akala mkate na yai, akalala.

Jambo moja liko wazi. Kupika si kipaji changu. Kipaji changu ni mipango.

Alhamisi, 10 Julai

Ukiona vyaelea, vimeundwa! Leo ameingia dukani Mpishi wa hospitali kuu, jitu nene lenye sauti ya mhubiri. Miwani yake inapata ukungu kila anapofunua sufuria, ataishia kuungua. Nikampa fremu mpya na vioo visivyoshika mvuke, mali safi. Nikamweleza shida yangu kwa mzunguko, kwamba kuna mtu ninayemfahamu.

Akaniambia huyo mtu aje na sufuria yake mlango wa nyuma Jumamosi mchana. Huwa anapika nyama ya namna mbili: moja ni ya wafanyakazi, hiyo haiguswi, wanahesabu. Nyingine ndiyo atakayonipa. Akaapa kwamba miaka yote hiyo hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kuinuka kitandani kulalamika juu ya chakula chake. Nilivutiwa sana na ushahidi huo.

Ndiyo, najua Muuguzi anafanya kazi hospitali hiyo hiyo. Mimi si mjinga. Lakini Jumapili alisema mwenyewe, kwa Shemeji, kwamba hajawahi kuweka chakula cha hospitali mdomoni mwake, hubeba chake kutoka nyumbani. Sasa mtu asiyekula kitu atakijuaje? Hapo nimewapita wote.

Ijumaa, 11 Julai

Nimejaza chupa kwa faneli. Boksi limekauka hadi tone la mwisho. Vizibo havikutaka kurudi vilikotoka. Nikavipiga kwa nyundo ya mpira. Kwa ajili ya umri nikachukua vumbi la uvunguni na kulipuliza juu ya chupa. Vumbi jingi likaingia puani kwangu. Nimepiga chafya jioni nzima. Sasa nina mafua makali, sinusi kitu, hata dawa ya mbu siisikii. Lakini chupa! Ukizitazama utadhani zimetoka kaburini.

Mke wangu alisimama mlangoni akatazama. Nilitegemea kelele. Akasema tu kwa upole kwamba Kinanda anakuja kula na mimi, haji kula na chupa.

Nimeliandika hapa kama mfano wa watu wasioelewa mkakati.

Jumamosi, 12 Julai

Naandika upesi, wageni wanakuja kabla jua halijazama.

Sufuria nimeileta kwa gari la mafunzo la mke wangu, lenye kibao cha MWANAFUNZI juu. Watu wote walinipisha. Mchuzi ulimwagika kidogo kwenye kona, kiti cha nyuma kitakauka.

Nimeonja. Sisikii ladha yoyote, lakini kwa mafua haya hata ndimu nisingeisikia. Kinachonisumbua ni rangi. Nyama imepauka kama mtu aliyepewa taarifa mbaya. Nami nilitangaza nyama kwa divai nyekundu! Na boksi limekwisha!

Bahati haikuniacha. Saa sita Kinanda alipita, mbio mbio, ana piano ya shule inamsubiri. Akanipa chupa imezungushiwa gazeti. Akaniambia niiweke mahali pa baridi, tutaifungua jioni. Akaondoka. Nikaifunua. Maskini Kinanda! Chupa haina hata jina, karatasi imeliwa na unyevu, mdomo umezibwa kwa nta nyeusi. Kitu cha kutengenezwa nyuma ya nyumba ya mtu. Nikamwona akilini Shemeji akiinusa, akikunja pua, akimwaibisha rafiki yangu mbele ya mchumba wake. Sikuweza kukubali.

Nikaimimina yote kwenye sufuria. Rangi imekaa barabara! Kinanda sitamwambia, nitasema nimeisahau. Kuna wema ambao mtu hufanya bila kutaka shukrani.

Jumapili, 13 Julai

Siku nzima nimejifunika shuka. Nitaandika kama ilivyokuwa.

Walikuja wote kwa wakati. Shemeji na mkewe, Kinanda na Muuguzi. Meza ilipendeza. Nikafungua chupa ya kwanza, nikammiminia Shemeji. Akaizungusha. Akanusa. Akanywa kidogo akaisukutua, kama anavyotuamuru sisi kwenye kile kiti chake.

Akasema huu ulikuwa mwaka mzuri.

Mwaka! Kitu kilichokaa wiki mbili dukani jirani na sabuni! Akaendelea, akaisikia ngozi, akaisikia tumbaku, akasikia mvua juu ya mawe. Kinanda akatikisa kichwa kwa heshima. Nilijisikia kupaa. Mke wa Shemeji tu ndiye aliyekunywa upesi upesi, anatazama dari.

Kisha nikaleta nyama. Nikapakua kwa madaha. Wakaanza kula, na meza ikanyamaza. Mwanzo nilidhani ni ule ukimya wa utamu.

Muuguzi alitafuna mara moja, akaacha. Akakigeuza kipande cha karoti kwa uma, akakitazama upande huu, akakitazama upande ule. Akaniuliza, kwa sauti ile laini ya kazini, nani amepika. Nikainua mikono yote miwili. Akauliza nimejifunza wapi. Nikasema ni siri ya marehemu bibi yangu.

"Bibi yako alilazwa wodi gani?" akauliza.

Nikajimiminia maji.

"Nauliza kwa sababu hii ni ya wodi ya presha," Muuguzi akasema. "Haina chumvi hata punje. Na karoti zinakatwa hivi kwa ajili ya wazee wasio na meno. Mimi siili, lakini nimewalisha watu kwa kijiko kila siku ya kazi. Hii karoti naijua kuliko ninavyomjua mwenye nyumba wangu."

Shemeji alicheka mpaka akashika meza. Akasema miaka yote mimi ndiye bingwa wa kutia chumvi kwenye kila habari, na siku moja tu iliyohitajika chumvi, nimeisahau. Akasema angalau hospitali wanafikiria wasio na meno, ni mchango kwa taaluma yake. Akacheka tena. Kinanda naye akacheka, machozi yakimtoka.

Nikaona naaibika peke yangu. Sikuona sababu ya kuaibika peke yangu.

"Cheka tu, Shemeji," nikamwambia. "Na hiyo divai uliyoisikia mvua juu ya mawe imetoka kwenye boksi! Lina kibomba! Chupa ni zako mwenyewe, nimeziokota getini kwako!"

Kicheko kikakatika. Shemeji akasema alijua tangu mwanzo, alikuwa ananistahi tu. Nikamuuliza basi huo mwaka mzuri ni upi. Akaichukua chupa, akaanza kusoma karatasi yake.

Hapo mke wa Shemeji akaweka bilauri mezani.

"Jamani, na mimi nimechoka," akasema, akanigeukia mimi. "Shemeji yangu, nilikuona ukizibeba. Nikataka kukuita nikwambie usijisumbue. Hata Jumapili zilikuwa na divai ya boksi. Tunazijaza kila mwaka, mpaka Jumatatu nikachoka nikazitupa. Sisi wenyewe tulizikuta tupu kwenye nyumba tulipohamia."

Shemeji akasema kwa sauti ndogo kwamba mambo mengine si ya mbele za watu. Mke wangu, dada yake, akamsogezea mkate, kisha akamwambia mke wa Shemeji, "Wifi, karibu sana kwangu, njoo hata kesho."

Nilidhani tumemaliza. Wote wameumbuka, ngoma droo. Lakini Kinanda akafuta macho, akapumua, uso wake ukawa wa mtu mwingine. Akasema basi usiku huu tuna chupa moja ya kweli. Akaniomba nikailete ile yake.

Nikauliza ya nini, tunywe maji, maji ni afya.

Akaeleza. Chupa ile ilinunuliwa na baba yake mwaka aliozaliwa yeye Kinanda. Mzee alikuwa mbebaji mizigo, hakuwa mnywaji. Mtu mmoja mwenye shamba la zabibu alimwambia divai hii haitaharibika, itamngoja mtoto. Mzee akaificha chini ya kitanda, akahama nayo nyumba kwa nyumba, akafa hajaiona ikifunguliwa. Alimwachia neno moja, kwamba ainywe siku atakayopata mwenzi, pamoja na mtu atakayesimama naye. Kinanda akasema ndiyo maana ameileta leo.

Nikaenda jikoni. Nikafungua friji, nikasimama mbele yake kama mtu anayesoma tangazo. Mke wangu akanifuata. Akaiona chupa tupu kando ya sinki, nta nyeusi pembeni. Akauliza imepita wapi. Nikaonyesha sufuria kwa kidole. Huyu mwanamke amekaa kiti cha kushoto miaka na miaka na wanafunzi wanaotaka kumuua. Hajawahi kutetemeka. Jana alitafuta kigoda akakaa.

Akasema hili nimwambie mwenyewe.

Nikarudi mezani. Nikasema, "Nimeimimina kwenye mchuzi. Nilidhani ni kitu cha hovyo, nikataka usiaibike." Ilikuwa sentensi yangu ya kwanza ya kweli wiki nzima, na haikuwa na ladha nzuri.

Kinanda alivua miwani. Miwani niliyomtengenezea mimi. Akaipangusa kwa shati, akakaa nayo mkononi.

"Yote?"

"Yote."

Shemeji alitazama sahani yake. Nilitaka Kinanda anitukane. Angenitukana ningejua pa kuanzia. Badala yake akanyoosha mkono akaomba chumvi. Akanyunyiza kwenye sahani yake, akachota mchuzi bila nyama, akaushika mdomoni muda mrefu. Akachota tena.

"Baba alisema niinywe," akasema polepole. "Hakusema kwa chombo gani."

Akaomba upawa. Akavuta sufuria, akajaza mchuzi kwenye bilauri za divai, moja moja, kwa uangalifu, yangu ya mwisho. Tukasimama. Tukanyanyua bilauri za mchuzi na vipande vya karoti vikielea juu. Muuguzi alikuwa analia na kucheka. Tukanywa kwa heshima ya mzee mbebaji mizigo.

Mke wangu alifumba macho. Mke wa Shemeji akasema taratibu, "Loo." Shemeji akaomba tena, akaomba tena, akakwangua sufuria kwa mkate. Akaniambia, bila majivuno safari hii, kwamba sasa ndiyo anaisikia ngozi. Nikamwambia hiyo ni nyama.

Mimi sikusikia chochote. Mafua! Divai pekee ya kweli niliyowahi kunywa maishani, nimeipika mwenyewe, na kwangu ilikuwa maji ya moto.

Kabla hawajaondoka, Kinanda akanishika bega. Nikaanza kumwambia naelewa, amchukue Shemeji, ana suti nzuri.

"Nyamaza," akaniambia. "Nilishakuchagua wewe kabla hata sijapata mchumba. Leo ungenipikia chakula kitamu ningekimbilia polisi kuwaambia rafiki yangu ameibiwa, hapa kuna mtu mwingine amevaa sura yake."

Muuguzi akaongeza sharti moja: nisimame, nishike pete, niseme maneno machache. Basi. Nisiandae kitu. Nikaapa.

Nimeapa kwa moyo wote. Nimekuwa mtu mpya. Uongo mwiko.

Jumanne, 15 Julai

Habari mbaya sana! Shemeji, badala ya kukaa kwake na aibu yake, amejitolea kutoa gari lake liwe la harusi. Limepambwa, lina hata maua! Kinanda amemshukuru kwa mikono miwili. Na mimi je? Nishike pete? Pete hata kidole hushika!

Kwa hiyo jioni hii nimempigia Kinanda simu na kumwambia kwamba siku ya harusi, kama zawadi, nitampigia wimbo kwenye piano. Mwenyewe. Nimekuwa nikijifunza kimya kimya. Amesema hakuna zawadi ambayo ingemgusa zaidi.

Sijui kupiga piano. Lakini hilo ni jambo dogo, nimeshalifikiria lote. Kuna spika moja ndogo kama kipande cha sabuni, inaingia ndani ya piano bila kuonekana. Wimbo unarekodiwa mapema na mtu anayejua. Kazi yangu ni kukaa, kufumba macho, na kuyumba yumba kwa hisia. Kuyumba ninaweza.

Mke wangu amesikiliza mpango wote akiwa anapiga pasi. Kisha ameuliza swali moja: kati ya watu watakaokuwa ukumbini siku hiyo, hakuna hata mmoja anayejua piano ya kweli inavyolia?

Nimefikiri kwa makini, nimewapitia wageni wote, mmoja mmoja.

Sioni mtu.